Usukani na Mafuta Yake: Habari za Mariakani

Yeyote apandaye kutoka Mombasa kwa barabara kuu iendayo Nairobi, akaipita Miritini, akaipita Mazeras yenye mawe ya kusakafia nyumba, akauacha nyuma upepo wa bahari na minazi ikaanza kuadimika pande zote mbili, hufika baada ya kilomita 36 hivi mahali ambapo malori husimama msururu yakingoja zamu ya kupanda mizani, na harufu ya dizeli na ya mpira uliopashwa na jua humlaki kabla macho hayajauona mji. Hapo ndipo Mariakani. Wazee wa Kiduruma na wa Kigiriama husimulia kwamba jina hilo limetokana na mariaka, nasi katika Kiswahili twasema maziaka, yaani mapodo ya kutilia mishale. Na ikiwa masimulizi hayo ni sahihi, basi mji huu ulipewa jina na chombo cha msafiri mwenye hadhari, wala sioni jina liufaalo zaidi mji ambao tangu asili umeishi kwa njia na kwa wapitao njiani.

Nimekusudia kuandika tarehe ya kitu kidogo, ambacho wapitao hao hukihitaji kila siku na ni wachache wakijuao usuli wake: mafuta yatiwayo katika usukani wa gari, na hasa usukani wa pikapu kuukuu, kama hizi zishukazo kutoka Bamba na makaa na mbuzi, au zijazo kutoka Kaloleni na nazi, madafu na madumu ya mnazi. Nimelichagua jambo hili kwa sababu nimeona mara nyingi, katika gereji za mji huu, mtu mzima mwenye akili timamu akiuliza swali la maana kabisa, "Nitie mafuta gani?", akajibiwa kwa rangi. Ataambiwa, "Tia yale mekundu," naye atatia, na pengine yatamfaa na pengine yatamdhuru, lakini hatajua kwa nini katika hali yoyote ya hizo mbili.

Neno lenyewe, usukani, ni neno la baharini. Limetoka katika Kiarabu, ambako sukkan ni ule ubao wa tezini ugeuzao chombo, nasi tumelivusha pwani likapanda barabara bila ya kubadilika. Na katika vyombo hivyo vya bahari wazee wetu walikuwa na ilimu kamili ya mafuta, kila moja na kazi yake na mahali pake. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, ili zisipasuke kwa jua na chumvi. Chini ya chombo, panapokaa majini, ilipakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili funza wa baharini asiupate ubao. Na hakuna nahodha aliyeweza kupaka sifa mahali pa deheni kwa kuwa tu vyote viwili ni vya mafuta. Huku bara ya pwani nako, Wamijikenda waliyajua mafuta ya mbono, ambayo wengine wetu huyaita ya mbarika, kwa ngozi na kwa dawa. Mbarika huo uotao wenyewe katika mahame na kando ya reli una sehemu katika habari zetu, maana mafuta ya breki za mwanzo duniani yalikuwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na spiriti, na kampuni ya Castrol ya Uingereza ilipata jina lake katika lile la mmea huo kwa Kiingereza, ilipouza mafuta ya injini yaliyotiwa mbarika mwanzoni mwa karne ya 20.

Kabla ya magurudumu, mzigo wa njia hii ulikuwa juu ya kichwa. Misafara iliyotoka Mombasa na Rabai ilikusanya nguvu katika vijiji hivi kabla ya kuingia nyika ya Taru, ambayo haina maji ya kutegemewa, na mpagazi mmoja alichukua frasila mbili hivi, karibu ratili 70. Mnamo 1890 kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikaanza kuifyeka njia ya magari ya kukokotwa, ile iliyoitwa kwa jina la mwenyekiti wake, William Mackinnon, na ambayo stesheni moja ya mbele ingali inalichukua jina hilo. Kisha mnamo 1896 ikaanza reli, ikapita Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi na Samburu, na kufika Ziwa Viktoria mnamo 1901. Stesheni ndiyo iliyoufanya mji. Barabara ilikuja kuukuza, nayo kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo mwekundu wenye matuta madogo madogo kama mbavu, yaliyomtetemesha msafiri toka hapa hata Nairobi, mpaka ilipotiwa lami katika miaka ya 1960.

Katika barabara hiyo ya vumbi ndipo walipofanya kazi madereva wa zamani, na nawaomba wasomaji wakae nao kidogo, kwa sababu asiyeijua taabu yao hataijua neema ya mafuta ninayoyataja. Malori ya Bedford na ya Leyland yaliyobeba pamba, katani na saruji hayakuwa na msaada wowote katika usukani isipokuwa mikono ya dereva. Gurudumu la usukani lilikuwa pana kama sinia la harusi, si kwa fahari, bali kwa sababu upana huo ulimwongezea mtu nguvu, na kuligeuza lori lililosimama na shehena kulihitaji kusimama nusu, kuegemea kwa kifua na kuvuta kama mtu avutaye henza ya jahazi. Taniboi alikuwepo kwa kazi ya kuwasha injini kwa hendeli, ndiko jina lake lilikotoka, lakini aghalabu aliingia ndani akashika upande wa pili wa usukani wakasukumana na dereva wake mpaka lori likaelekea lango la ghala. Mwanafunzi wa udereva alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: vidole gumba visizungushwe ndani ya usukani, vikae juu ya ukingo wake, maana gurudumu la mbele likigonga jiwe, usukani hurudi kwa ghafula, na gumba lililo ndani huvunjika. Mpaka leo ukimwona mzee akiendesha na magumba yake yamelala juu ya ukingo, ujue alijifunzia katika magari yale, naye hahitaji tena tabia hiyo lakini mikono yake haijaiacha.

Mtu aliyetaka kuiondoa taabu hiyo alikuwa Mmarekani, Francis Davis, mhandisi aliyekuwa mkuu wa sehemu ya malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, naye aliyaona malori hayo hayo mazito yakiwachosha watu wake. Aliacha kazi, akafungua karakana katika mji wa Waltham, na mnamo 1926 akawaonyesha wakubwa wa Detroit gari ambalo usukani wake ungegeuzwa kwa kidole. Siri yake ilikuwa mafuta. Pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta bila kukoma; dereva akiwa hageuzi, mafuta hupita na kurudi bila kazi; akigeuza hata kidogo, vali hufunga njia moja na kufungua nyingine, na shinikizo la mafuta husukuma upande ule ule autakao. Kampuni ya General Motors ilivutiwa, ikafanya naye mkataba, kisha katika miaka ile ya dhiki ya uchumi, mnamo 1934, ikauweka mpango huo kando kwa sababu ya gharama. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoufufua, maana magari ya deraya hayakugeuzika kwa mkono mtupu, na mnamo 1951 kampuni ya Chrysler ikawa ya kwanza kuuza gari la raia lenye usukani huo. Yaani tangu mtu kuvumbua hata watu kununua ilipita miaka 25, na tangu hapo hata pikapu za Mariakani kuupata ikapita karibu miaka 30 mingine.

Sasa yaja mafuta yenyewe, na hapa habari yangu inarudi baharini kwa njia ambayo sikuitazamia nilipoanza kuitafuta. Usukani mpya haukutengenezewa mafuta yake mahsusi, bali waundaji wengi waliazima mafuta yaliyokuwa tayari, yaliyotengenezwa kwa giaboksi zijibadilizazo zenyewe, ambayo General Motors ilikuwa imeyawekea kanuni mnamo 1949 kwa jina la Aina ya A. Hayo ndiyo mafuta ambayo mafundi wetu huyaita ATF. Yalikuwa mepesi, hayakutoa povu upesi, yalistahimili joto, na yalitiwa rangi nyekundu ili yakivuja yasidhaniwe kuwa ni ya injini. Na katika dawa zilizotiwa ndani yake ili sehemu za chuma zishikane na kuachana kwa ulaini, mojawapo ilikuwa mafuta ya nyangumi. Tena si nyangumi yeyote, bali yule wa kichwa kikubwa cha mraba, ambaye tumboni mwake hutoka ambari.

Msomaji wa pwani hataipita ambari haraka. Katika karne ya 10 msafiri wa Baghdad, al-Masudi, aliyefika katika bahari hizi, aliandika kwamba ambari iliyo bora ni ile ipatikanayo pwani ya Zanji, na kwa karne nyingi mvuvi aliyeiokota ufuoni alihesabiwa kuwa amefunguliwa mlango wa riziki. Mnyama yule yule aliyewapa babu zetu manukato ya kupeleka Uajemi na Uarabuni ndiye ambaye mafuta yake yalirudi pwani, ndani ya mapipa ya mabati kutoka ng'ambo, yakapitishwa bandarini Kilindini kama mafuta ya mitambo, na hakuna aliyemtambua. Aliwindwa karibu kumalizwa. Marekani ilipomwingiza katika hifadhi ya sheria mwanzoni mwa miaka ya 1970, mafuta yake yakaharamishwa, na wakemia wakalazimika kutafuta badali. Kanuni mpya, ambayo General Motors ilikuwa imeipa jina la Dexron tangu 1967, ikafuatiwa na daraja la pili, Dexron II, lisilo na nyangumi ndani yake. Mnamo 1993 likaja la tatu. Na mnamo 2005 la sita, ambalo ni jepesi zaidi na la tabia nyingine.

Nayaeleza madaraja haya kwa sababu pikapu kuukuu huzaliwa katika daraja lake. Pikapu za kwanza kuenea hapa, zile Peugeot 404 na 504 ambazo zilijipatia heshima katika mashindano ya Safari kabla ya kujipatia heshima ya kubeba mnazi, aghalabu zilikuwa na usukani wa mkono mtupu, na dereva wake hakuwa na swali la mafuta. Swali lilikuja na pikapu za Kijapani za miaka ya 1980 na 1990, Toyota Hilux, Isuzu na Nissan, zilizofika nyingine mpya na nyingine zimekwisha kutumika. Ukilifungua boneti la Toyota ya wakati huo utaona kichupa cha pampu, na juu ya kifuniko chake, ukikipangusa vumbi, maandishi yaliyochongwa: ATF, na mara nyingi jina la Dexron II au III limefuatia. Nimewahi kumwona fundi mmoja wa hapa, mtu wa makamo mwenye gereji isiyo na paa isipokuwa kivuli cha mwarobaini, akimkemea kijana wake kwa upole kwa kutia mafuta kabla ya kukipangusa kifuniko. "Mwanangu," alimwambia, "gari limekuandikia, nawe hutaki kusoma."

Mimi mwenyewe nilipata kuilipia kutosoma huko. Pikapu yangu ilianza kuguna kila nilipokata kona ya mwisho, nami, nikiwa na haraka ya kuwahi maziko upande wa Kinango, nikasimama katika duka moja la njiani na kuomba mafuta ya haidroliki. Nikapewa kichupa kidogo chenye neno hilo juu yake, nikatia, nikaondoka. Yalikuwa mafuta ya breki. Sikuyajua siku hiyo wala wiki hiyo. Mguno ulipungua kidogo, nikashukuru. Baada ya mwezi mmoja sili za mpira ndani ya pampu na ndani ya stelingi boksi zilikuwa zimefura na kulegea kama mkate uliotiwa chaini, mafuta yakavuja mpaka yakaisha, na usukani ukawa mzito kama ule wa Bedford, nami nikiugeuza kwa kifua kando ya reli huku watoto wakinitazama. Sababu yake ni nyepesi kueleza: mafuta ya breki za leo si ya petroli, hutokana na kemikali ya jamii ya glikoli, na mpira wa sili za usukani umefanywa kukaa na mafuta ya petroli. Kinyume chake ni kweli pia, tena ni cha hatari zaidi, kwani ATF ikitiwa katika breki hufurisha mipira ya breki, na aliyeshuka mteremko wa Mazeras ataelewa ninachosema bila ya maelezo mengine.

Kwa hiyo nikiulizwa leo na mwenye pikapu kuukuu, humwambia asome kifuniko kwanza, na kitabu cha gari akiwa nacho, ndipo aende dukani. Iwapo imeandikwa Dexron II au III, ATF ya daraja la tatu ya mchanganyaji mwenye jina la kuaminika humtosha, walakini na ajue kwamba tangu mwisho wa 2006 General Motors iliacha kutoa idhini kwa daraja hilo, hivyo kila chupa mpya isemayo "III" husema kwa dhamana ya aliyeichanganya, si ya mwenye jina. Daraja la sita lina sifa zake njema, na mwenye kanuni anasema laweza kukaa mahali pa yaliyotangulia. Mimi kwa rai yangu siitilii pikapu iliyokwisha kutembea miaka 30, pampu yake imelika na joto la Mariakani halina huruma na mafuta mepesi. Rangi isimhukumie. Yapo magari ya Ulaya yenye mafuta ya kijani katika usukani, nayo na yale mekundu hayachangamani. Honda wana mafuta yao wenyewe, meupe yanayoelekea umanjano. Na wekundu ni wa rangi iliyotiwa tu, ambayo mchanganyaji wa uchochoroni aweza kuitia pia. Katika duka la spea mtazame muuzaji kama utazamavyo mtu umwekaye amana: chupa iwe na lakiri yake, isiwe imejazwa kutoka katika dumu mbele yako, hata kama bei ni nusu.

Kuyapima yaliyomo garini si kazi ngumu, nami hupenda kuifanya asubuhi kabla jua halijauchoma mji. Kifuniko kina ulimi wenye alama mbili, moja ya baridi na moja ya moto. Ukiufuta ulimi kwa kitambaa cheupe, mafuta mazima huacha doa jekundu la wazi, kama la rosela. Yaliyochoka huacha doa la hudhurungi na kunuka kuungua. Na yakiwa na povu la rangi ya maziwa, hewa imeingia, na huo ndio mguno usikiao watu. Mafuta yakipungua, basi yamekwenda mahali, kwa kuwa usukani hauli mafuta kama injini. Mwenye kuongeza kila Ijumaa bila kutafuta panapovuja anachota maji kwa pakacha.

Barabara sasa inapanuliwa. Mitambo imeubomoa ukingo wa zamani kutoka Mombasa mpaka hapa ili njia ziwe mbili mbili, baadhi ya vibanda vya mafundi vimesogezwa nyuma, na reli mpya iliyofunguliwa 2017 imechukua sehemu ya mizigo iliyokuwa ikiwalisha. Pikapu hazijapungua. Alasiri moja ya karibuni nilikaa chini ya mwarobaini ule, fundi akiitengeneza Hilux ya mzee mmoja wa Bamba iliyotiwa sili mpya. Ilikuwa imeinuliwa kwa jeki, magurudumu ya mbele yakielea. Kijana aliyekemewa siku ile alikipangusa kifuniko kwa ncha ya shati lake, akasoma kwa sauti, akamimina mafuta polepole, kisha injini ikiwa imezimwa akaugeuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, akarudia, huku fundi akichungulia ndani ya kichupa na kusema, "Bado, bado." Mapovu yalipanda kama ya chai inayochemka, yakawa machache, kisha yakawa moja moja. Akaongeza kidogo. Injini ikawashwa, usukani ukageuzwa tena, na safari hii hakukuwa na mguno wowote. Jeki ikashushwa, mzee akapanda, akaushika usukani, na magumba yake yote mawili yamelala juu ya ukingo.